Mnazi Ndani ya Ua wa Kampuni

Shekha binti Athman alikuwa mtu wa mafuta kabla kampuni ya mafuta haijafika Malindi kupaka rangi matangi yake. Mafuta yake yalikuwa ya nazi, ya kupikwa polepole jikoni mpaka nyumba nzima inukie, na aliyauza sokoni katika chupa za soda zilizozibwa kwa vipande vya gazeti. Kila asubuhi mtu wa baraza la mji alipita na risiti zake, naye akalipa ushuru wa kile kipande cha sakafu alichokikalia, akaendelea na biashara yake. Hakwenda kortini. Nalitaja hili mapema kwa sababu baadaye wakubwa watagombana sana juu ya kodi, na si vibaya tukumbuke nani alikuwa akilipa siku zote bila kupandisha sauti.

Nazi zake zilitoka kwenye minazi michache iliyokuwa njia ya kwenda Mambrui, nje kidogo ya mji. Ardhi haikuwa yake. Huku kwetu jambo hilo halimshangazi mtu: ardhi ni ya huyu, mnazi ni wa yule aliyeupanda, na wote wawili huishi kwa salama mpaka aje mgeni na ramani yake. Baba yake Shekha aliipanda minazi ile kwa idhini ya mwenye shamba. Mmoja wao, uliosimama peke yake karibu na kisima kilichokauka, aliupanda baada ya kuzaliwa mjukuu wake, na kitovu cha mtoto kilipokatika kikazikwa chini ya mche. Mtoto aliitwa Abdulghani. Ule ukawa mnazi wa Abdulghani, na hakuna aliyeulizia hati.

Baba wa mtoto alikwenda Lamu kwa shughuli ndogo, akaoa huko. Shekha hakumfuata wala hakumtafutia maneno. Alimlea mwanawe kwa nazi: tui lake, mafuta yake, makuti yake ya kuezekea, na makumbi yake ya kuwashia moto. Wakati mmoja, Abdulghani akiwa bado mdogo, jirani aliangusha mnazi uliopigwa na radi, watu wakagawiwa kichilema, ule moyo mweupe wa kileleni. Mtoto alikula akalamba vidole, kisha akasema sasa anataka kichilema cha mnazi wake mwenyewe.

"Ukikila hicho, mnazi huna tena," mama yake akamwambia. "Hakitoki mpaka mti ukatwe."

Mtoto akafikiri. "Basi nitangoja."

"Utangoja nini?"

"Uzeeke."

Shekha alicheka siku hiyo mpaka akakaa chini. Alikuwa mwanamke wa kucheka sana wakati huo. Wanaomjua kwa miaka ya baadaye tu hawaamini ukiwaambia.

Miaka ya themanini ilipoingia, mwenye shamba, tajiri aliyekuwa akikaa Mombasa, alilikodisha kwa Kampuni ya Mafuta ya Almasi. Kampuni ikazungusha seng'enge kiwanja chote, ikasimamisha matangi upande wa barabarani na kuyachora almasi nyekundu iliyoonekana toka mbali. Upande wa nyuma minazi ikabaki ilipo. Tajiri alikuwa amewaambia, kwa mdomo tu, kwamba minazi ni ya watu na isiguswe, nao wakakubali kwa mdomo. Bawabu wa getini alikuwa Kioko, Mkamba mpole aliyetoka Machakos kutafuta kazi. Shekha akija na mkwezi wake, Mwambire, Kioko alifungua geti bila maswali, akawaazima na kisu cha kufulia dafu.

Abdulghani alikua, akawa utingo wa lori lililokuwa likipeleka bidhaa Mombasa na kurudi. Mwaka wa themanini na tano, kabla ya Ramadhani, lori hilo lilipinduka karibu na Gede.

Watu walimpokea maiti, watu wakamwosha, watu wakamzika. Shekha aliketi pale alipoketishwa. Wanawake waliokuja tangani walilia, naye akawatazama kama mtu aliyealikwa kwa makosa kwenye shughuli ya wengine. Alikunywa kahawa aliyopewa. Alijibu salamu. Jambo moja tu hakulifanya, na halikutambuliwa na mtu isipokuwa dada yake, Tumu: hakutamka kwa ulimi wake kwamba mwanawe amekufa. Aliyemuuliza habari za Abdulghani bila kujua, alimjibu, "Hayupo." Anayetaka kuelewa akaelewa, na asiyeelewa akaenda zake akidhani kijana yuko safarini.

Kwao kulikuwa na desturi. Mti uliopandwa kwa jina la mtu, mwenyewe akifa, haukwewi. Huachwa mwaka mzima, nazi zianguke zenyewe, na zikianguka haziokotwi. Mwaka ukitimia husomwa hitima, ndipo mkwezi anapanda tena na kazi inaendelea. Mwambire aliijua desturi hiyo, kwa hiyo msimu ulipofika alimuuliza kuhusu minazi mingine tu.

"Hii mingine niiangue, mayo?" Alikuwa akimwita mayo, kama anavyomwita mama yake mzazi kwao Junju.

"Acha kwanza," Shekha akasema.

Hakueleza. Lakini minazi ile yote ilikuwa ndani ya ua mmoja, na ukisimama chini ya wowote unauona ule wa kisimani. Akawa ananunua nazi sokoni kama mtu asiye na mnazi, akapika mafuta kidogo, akauza kidogo. Moyo ulikuwa umekufa ganzi. Chakula kilikuwa chakula, jua likichwa limekuchwa. Mwaka ukatimia. Tumu akamkumbusha hitima, akajibu inshallah. Tumu akamkumbusha tena, akajibu inshallah ile ile. Tumu, mwanamke wa maneno makali na machozi ya karibu, aliona mdogo wake amefungwa mahali ambapo yeye hana ufunguo, akanyamaza, na kunyamaza kwa Tumu si jambo la kila siku.

Ndipo kesi ikazuka. Baraza la mji lilitaka kampuni ilipe kodi ya kiwanja chote kilicho ndani ya seng'enge, kwa sababu, lilisema, chote kinatumika kwa biashara ya mafuta. Kampuni ikakataa. Sisi tunatumia nusu ya mbele tu, ikasema. Nusu ya nyuma ni minazi ya watu, na wenyewe huingia na kutoka na kuvuna mali yao. Mtu halipii kodi shamba la mwenzake. Baraza likaenda mahakamani, hapo hapo Malindi, na mji mzima ukawa na la kusema vibarazani, hasa wale ambao hawakuwa na kodi wala mafuta wala mnazi.

Wakili wa kampuni, Bwana Thuku, alitoka Nairobi kwa ndege. Alifika kwa Shekha akiwa na haraka na suti nzito isiyofaa joto letu. Akapewa kiti, akapewa maji ya ukwaju, akafurahi nayo, akaingia kwenye neno lake.

"Mama, hii kesi ni rahisi. Wewe unasema tu hiyo minazi ni yako na unaingia huko ndani kuvuna. Korti ikiandika hivyo, imekwisha. Hakuna mtu ataigusa. Hata sisi kampuni hatuwezi kuigusa."

Shekha, aliyekuwa akitazama mkeka, akainua macho. "Hata ule wa kisimani?"

"Yote, mama."

"Hautakatwa?"

"Hautakatwa."

"Basi nitakuja," Shekha akasema.

Tumu, aliyekuwa akisikiliza nyuma ya pazia, baadaye alisema hilo ndilo neno la kwanza alilomsikia mdogo wake akilisema kwa kutaka kitu, tangu msiba. Bwana Thuku hakuuliza zaidi. Wakili mzuri angeuliza mara ya mwisho kuvuna ilikuwa lini. Lakini alikuwa na ndege ya kurudi, na labda alidhani mnazi si kama duka, haufungwi.

Siku ya kesi Shekha alivaa buibui lake la kwendea mazikoni, akaenda na dada yake. Chumba kilikuwa na joto na harufu ya karatasi na jasho. Mafeni yalikuwa yakizunguka bila kumpepea mtu. Hakimu alikuwa mtu wa makamo, mwenye miwani na subira, aliyeandika kila neno kwa mkono wake, kwa hiyo shahidi alisema kidogo, akangoja kalamu, akasema tena. Shekha aliapa kwa msahafu. Bwana Thuku akamuuliza kama minazi ni yake, akasema ni yake. Nani aliipanda? Baba yake. Kampuni ilimzuia kuingia? La, bawabu humfungulia. Bwana Thuku akaketi, ametosheka.

Akasimama wakili wa baraza, Bwana Ngala. Yeye alikuwa mtu wa huku huku, mzaliwa wa Kilifi, na alijua mnazi ni nini. Hilo ndilo lililokuwa baya.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, minazi ni yako, hatubishani. Nani anakukwelea?"

"Mwambire."

"Mwambire aliingia pale mara ya mwisho lini?"

Shekha akangoja kalamu ya hakimu, ingawa hakuwa amesema kitu. "Mwaka jana. Kabla ya mfungo."

"Tangu hapo hamjaangua?"

"Hatujaangua."

"Hata kwa mafuta yako ya sokoni, mama?"

"Nanunua nazi."

Watu wakanong'ona. Mwenye minazi ananunua nazi! Bwana Ngala hakufurahia, nimpe haki yake. Aliuliza kwa upole, kama mtu anayekanyaga sakafu iliyolowa.

"Nilikwenda pale juzi, mama. Nazi zimelala chini ya ile minazi mpaka zimeota. Chini ya ule wa kisimani mimea imefika magotini. Hakuna mkono uliookota. Je, kulikuwa na mtu aliyekukataza?"

"La."

"Ulikuwa mgonjwa?"

"La."

"Kuna sababu, mama?"

Ni swali gani rahisi kuliko hilo? Sababu alikuwa nayo, na ilitosha kujaza chumba kile na kumwagikia barabarani. Kila mtu wa mjini angeielewa, Ngala angeielewa, na hakimu, kama aliwahi kuzika, angeielewa pia. Alitakiwa aseme maneno mawili tu. Lakini maneno hayo mawili hakuwa amewahi kuyasema hata kwa dada yake, hata peke yake jikoni. Angeanzaje kuyasema hapa, mbele ya mafeni na suti, kisha angoje kalamu iyaandike, halafu aulizwe jingine? Aliyatafuta kinywani, asiyapate. Tena, na hili lazima lisemwe, hakuhisi kitu. Alijiona kwa mbali, mwanamke ndani ya buibui amesimama kizimbani, na hakuona kwa nini mwanamke yule ajisumbue.

"Sina sababu," akasema.

Kwenye benchi Tumu akainuka. "Bwana hakimu, huyu kafiwa na..."

"Kaa chini, mama," askari wa korti akamwambia.

"Muulizeni kafiwa na nani."

"Kaa chini au utatoka."

Bwana Thuku alikuwa akipekua makaratasi yake akitafuta pa kushika, na hakumsikiliza mwanamke wa benchini. Akasimama, akamuuliza Shekha upya, kwa sauti ya kusihi, "Mama, fikiria vizuri. Hakuna sababu yoyote?" Shekha akamtazama. Alimwonea huruma kidogo kwa ile suti.

"Hakuna," akasema.

Nje, Tumu alimwambia maneno ambayo sitayarudia yote. Kwa ufupi alimuuliza kama ulimi wake umeazimwa. Shekha akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema wapitie sokoni, chumvi imekwisha.

Hukumu ilisomwa mvua za vuli zikianza. Hakimu alisema anaheshimu desturi ya pwani ya mtu kumiliki mti katika ardhi ya mwingine. Lakini hapa swali ni nani anakitumia kiwanja, na mtu anayeacha mali yake zaidi ya mwaka, bila kukatazwa, bila ugonjwa, na kwa ulimi wake mwenyewe bila sababu, hawezi kuhesabiwa kuwa anaitumia. Kampuni ndiyo iliyokuwa mle peke yake. Ilipe kodi ya kiwanja chote. Baraza lilishangilia kwa soda. Hukumu haikusema minazi ikatwe wala isikatwe. Haikuulizwa hilo, na korti haijibu usiloiuliza.

Kampuni ililipa. Kisha wakubwa wake, huko waliko, wakafikiri kama wafikirivyo watu wa hesabu: kama tunalipia chote, tutumie chote. Wakaagiza tangi jipya, mahali pake ni pale nyuma. Wakamwandikia mwenye shamba Mombasa, naye, kwa kuwa kodi yake ya pango ingepanda, akasahau yale aliyoyasema kwa mdomo. Shekha alitengewa fidia kidogo. Aliikuta ofisini, akaitia sahihi, na hakuna aliyewahi kujua aliifanyia nini.

Aliyemletea habari ya kukatwa alikuwa Kioko. Alikuja kwa miguu baada ya zamu, akasimama nje ya mlango na kofia ya kazi mkononi, hataki kuingia.

"Mama, ni kesho," akasema. "Mimi nilitaka ujue tu. Mimi natumwa."

"Najua, mwanangu. Nani wanakata?"

"Wamechukua Mwambire."

Na kweli, Mwambire naye alifika magharibi ile ile, ameinamisha kichwa. Alisema kampuni ilitaka kuleta msumeno wa injini na vijana wasiojua mnazi. Yeye ndiye aliyekwenda kuomba kazi ile.

"Wangeuangusha ovyo, mayo. Ungepasuka. Mimi nitaulaza. Ukiniambia nisiende, siendi."

Shekha alifikiri muda mrefu kuliko alivyofikiri kizimbani. "Nenda," akasema. "Ulaze."

Kesho yake hakwenda kutazama. Aliketi barazani kwake akichambua mchele, Tumu pembeni yake akijifanya anashona. Toka pale hukuweza kusikia shoka, ni mbali, lakini Tumu alisema baadaye kwamba mkono wa Shekha ulikuwa ukisimama, kisha unaendelea, kisha unasimama. Mchele ulishakuwa safi kitambo. Aliendelea kuuchambua.

Alasiri Mwambire akarudi. Alikuwa amejaa vumbi la magome, na amebeba kitu kilichofungwa katika majani ya mnazi mabichi. Akakiweka kwenye sinia mbele ya Shekha, akakifungua. Kilikuwa kichilema, kizima, cheupe, kinene kama paja la mtoto, kingali na baridi ya ndani ya mti.

"Cha ule wa kisimani," akasema. "Vya mingine nimewaachia watu wa kampuni wavile."

Tumu akaruka. "Kiondoe hapa. Mwambire, una wazimu? Kitu gani hiki cha kumletea mtu?"

"Mti ukilazwa, mwenyewe hupelekewa," Mwambire akasema. Ndivyo alivyofundishwa na baba yake, na hakuwa na jingine la kuleta.

Shekha alichukua kisu cha mchele, kile kidogo cha kukatia kamba ya gunia, akakata kipande chembamba kutoka ubavuni. Akakitazama. Akakitia kinywani.

Kilikuwa kitamu. Hilo ndilo hakulitazamia. Tangu lori lipinduke, chakula kilikuwa kitu cha kutafuna na kumeza, na sasa utamu ule mwepesi, wa nazi ambayo haijawa nazi, ulimpitia ulimini mpaka masikioni, akautambua. Aliutambua kwa sababu kulikuwa na mtoto aliyelamba vidole kwa ajili yake, aliyesema atangoja uzeeke. Mnazi haukuzeeka. Wala yeye.

"Nilikuwa na sababu," Shekha akasema.

Tumu akageuka. "Sababu ya nini?"

"Ya kutoukwea. Yule wakili aliniuliza kama nina sababu." Alikuwa bado anatafuna, na maneno yalitoka yamechanganyika na chakula, polepole, kama anayengoja kalamu. "Mwambieni nilikuwa nayo. Mwanangu amekufa."

Mwambire alibaki amesimama pale barazani, hajui pa kuweka mikono. Tumu alilisogeza sinia, akamshika mdogo wake kwa mabega yote mawili, na Shekha akaanza kulia kwa sauti kubwa, kiasi kwamba majirani walitoka wakidhani msiba umeingia nyumba ile siku hiyo.